Vifaa vya kufundishia umeme vifunguke

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaobuni vifaa vya sayansi vya shule za msingi. Mimi ni fundi redio. Vingi ninavyoletewa vimezibwa ndani ya boksi la plastiki: mtoto anabonyeza, taa inawaka, basi. Umeme umepita wapi, hajui.

Kumbe njia ya umeme inaweza kuonekana wazi: unga wa ngano uliokandwa kwa maji na chumvi nyingi hupitisha umeme. Weka madonge mawili yasiyogusana, chomeka mguu mmoja wa taa nyekundu ya LED katika kila donge, kisha unganisha betri nne za voti 1.5 zilizofuatana, ncha moja kwa kila donge. Itawaka. Ukigeuza miguu haiwaki, na hapo mtoto mwenyewe atauliza kwa nini mguu mmoja ni mrefu. Madonge yakigusana taa inazimika. Shoti imeeleweka bila ubao wala chaki. (Chumvi hula chuma, kwa hiyo miguu ifutwe baada ya somo.)

Wabunifu, tuleteeni vifaa vinavyofunguka, vyenye vipuri vinavyopatikana madukani. Na walimu wasisitize: majaribio haya ni ya betri tu, soketi ya ukutani isiguswe.

Fundi redio,
Morogoro