Muhogo wa GMO: bakteria anaingiaje, na je, anabaki?

Pale mwalo wa Katonga, dagaa wakishaanuliwa, mwenzake mezani ni ugali wa muhogo. Kwa hiyo habari za muhogo kwetu Kigoma si habari za mbali. Tangu Juni 2021, mamlaka za Kenya ziliporidhia muhogo uliobadilishwa vinasaba ili ustahimili ugonjwa wa michirizi kahawia, swali moja hurudi kila tunapofungua simu za wasikilizaji: ni kweli muhogo huo umewekewa bakteria?

Bakteria hutumika. Ila kazi yake ni ya mchukuzi, na mzigo ukishafika hufukuzwa.

Bakteria ni seli moja inayojitegemea. Haina kiini, vinasaba vyake vimo tu ndani ya seli, na mara nyingi ina viduara vidogo vya ziada viitwavyo plasmidi. Seli ya muhogo ni kubwa zaidi, na vinasaba vyake vimehifadhiwa ndani ya kiini chenye utando. Zote mbili zina ukuta, lakini wa mmea umejengwa kwa selulosi na wa bakteria kwa kitu kingine kabisa. Hilo la ukuta lina kazi yake, tutalirudia.

Udongoni yumo bakteria aitwaye Agrobacterium. Huyu alizoea kuvuka mpaka huo kabla maabara hazijakuwepo: mmea ukijeruhiwa, hupenyeza kipande cha plasmidi yake hadi kwenye kiini cha seli ya mmea, na uvimbe huota. Wanasayansi waliondoa sehemu inayoleta uvimbe, wakaweka wanachotaka kisafirishwe. Mimea ya kwanza ya namna hiyo ilitangazwa mwaka 1983. Kwenye muhogo wa Kenya, mzigo ni kipande cha taarifa za virusi vya michirizi kahawia vyenyewe, ili mmea uvitambue na kuvikatakata. Baadaye antibaiotiki huvuruga ukuta wa bakteria. Ule wa selulosi hauguswi.

Na viazi vitamu? Utafiti uliochapishwa 2015 ulikuta vipande vya Agrobacterium katika aina zote 291 za viazi vya kulimwa zilizopimwa. Hakuna maabara iliyoviweka.

Hilo halimalizi ubishi. Serikali yetu, Novemba 2018, iliamuru majaribio ya mahindi ya GMO ya Makutupora, Dodoma, yasitishwe na mabaki yaharibiwe. Tunaona hoja nzito haiko kwenye bakteria, iko kwenye pingili: mkulima wa muhogo hukata shina lake mwenyewe na kumgawia jirani, bure. Nani atamiliki mbegu ya namna hiyo, nani ataipima, na ikivuka mpaka mkononi mwa msafiri itajulikanaje? Maswali hayo ni ya sheria, na ndiyo yanayostahili muda wa hewani.

Wakati huo ugonjwa wenyewe, ulioelezwa kwa mara ya kwanza Amani, Tanga, miaka ya 1930, unaendelea kuenezwa na nzi weupe na pingili zilizoambukizwa. Jani linaweza kuonekana zima huku mzizi umeoza. Kwa hiyo kabla hujakata pingili za kupanda, chimba mzizi wa shina hilo, upasue: ukiona madoa ya kahawia, shina hilo usilipande wala usimpe mtu.