Kinyama Kilichokatwa Kisitupwe



Mtoto wa huku ziwani Wampembe akivimba shavu, tunasema ni jino. Akivimba shingo, tunasema ni tezi. Mara nyingi ni kweli. Lakini zipo kansa za nyama laini za uso na shingo. Hutokea kwa nadra, na mwanzoni hufanana na jipu. Nyingine hujificha nyuma ya jicho au ndani ya pua: jicho hutokeza nje, au pua huziba upande mmoja na kutoa damu.

Macho peke yake hayatoshi kuzitambua, hata macho ya daktari bingwa. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Uganda, Dakta Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1958 aliandika kwamba ugonjwa huo ni sarkoma, yaani kansa ya nyama. Baadaye wataalamu walichunguza vinyama vyake kwa hadubini wakakuta ni limfoma, kansa ya chembe za kinga ya mwili. Tofauti hiyo si ya jina tu. Kansa hiyo hutibiwa kwa dawa, kisu hakiiponyi. Tena hupatikana zaidi kwenye joto, mvua na malaria nyingi. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tumo.

Kwa maoni yangu, uvimbe usitibiwe kwa kubahatisha. Kipande kidogo kikatwe na mtaalamu, kitiwe katika fomalini, kipelekwe maabara. Mzazi, uliza: "Kinyama kimepelekwa wapi? Majibu ni lini?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Usingoje ukiona uvimbe unaokua haraka, uvimbe usiopungua baada ya wiki mbili za dawa, au meno ya mtoto yanayolegea bila kuoza. Usimchanje, wala usimkande kwa majani. Nenda kituo cha afya, uombe barua ya rufaa.

Najua njia ya kupanda milima hadi Namanyere na Sumbawanga ni ndefu, na nauli ni mzigo. Lakini jumuiya zetu ndogo ndogo huchanga upesi mtu akifa. Kwa nini tusichange mtoto angali hai, ili afike hospitali mapema? Huo nao ni upendo wa jirani.