Dari kwanza, hita baadaye

Na Tumaini Sanga

Juni ya Njombe haihitaji kalenda. Usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10, na kule Makete sakitu inaunguza viazi shambani. Madukani nako hita za umeme zimetolewa mbele.

Muuzaji atakwambia hii ya mafuta haili umeme. Mwache aseme. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti mbili, iwe ya feni, ya waya au ya mafuta. Ya mafuta hubaki na joto kwa muda ukiizima, basi. Ikiwaka kwa muda wa saa nne kila usiku, mwezi unaisha na uniti 240, wakati mteja wa LUKU wa kundi la D1, la watumiaji wadogo, kikomo chake ni 75 kwa mwezi.

Na joto lote hilo linakwenda wapi? Juu, kwenye bati, likapotelee huko. Nyumba zetu nyingi hazina dari; ukilala chali unahesabu misumari ya paa. Hapa ndipo ninapokereka, maana Njombe ni nchi ya mbao. Malori ya paini yanateremka kwenda Dar es Salaam, kwa watu wanaotafuta feni, sisi tunabaki tunatetemeka chini ya bati tupu. Mafundi wamezoea kusema dari ni urembo, utamalizia ukipata pesa. Urembo gani huo? Piga dari, ziba mwanya wa chini ya mlango, tundika pazia zito, halafu uone kama hita bado unaihitaji.

Mwenye mtoto mchanga au mzee wa kifua anunue, simzuii. Ila aichomeke kwenye soketi ya ukutani: hita hiyo inavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba huyeyuka. Nepi zisianikwe juu yake.

Hata hivyo, hita ni afadhali mara mia kuliko jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, madirisha yakafungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Na wanaoingiza jiko chumbani wamo wapangaji, ambao dari si yao kuipiga.

Kwa hiyo wenye nyumba, nawaomba: kabla hamjapandisha kodi mwakani, pigeni dari.