Nahodha, Shehena na Usukani: Mhandisi Chipukizi wa Devopsi na Wajibu wa Wanakiswahili

Miongoni mwa kazi zinazowavutia vijana wanaohitimu taaluma ya kompyuta nchini Kenya ni uhandisi wa devopsi. Jina hili lilizuka mwaka 2009 kwa kuunganisha mianzo ya maneno mawili ya Kiingereza, moja la uundaji wa programu na jingine la uendeshaji wake, likaenea baada ya kongamano alilolitisha Patrick Debois mjini Ghent, Ubelgiji, mwezi Oktoba mwaka huo. Kabla ya hapo waundaji na waendeshaji walikuwa mafahali wawili zizini. Waundaji walisifiwa kwa kuleta mapya, ilhali waendeshaji walisifiwa kwa kuhakikisha kwamba hakuna kinachotikisika. Mtambo ukizimika, kila upande uliunyoshea mwenzake kidole. Devopsi ilikusudiwa kuwaketisha jamvi moja.

Anayeianza kazi hii hana budi kuufahamu mfumo wa Linux, mawasiliano ya mitandao, matumizi ya Git na angalau lugha moja ya kuandikia programu, kisha ajifunze kuziachia mashine zile kazi za kujirudiarudia. Haya yote hufundishika. Hata hivyo, lipo pingamizi ambalo walimu wa kompyuta ni nadra kulitaja, nalo ni la lugha. Chipukizi huzipokea istilahi zikiwa sauti tupu, akazikariri kikasuku pamoja na amri zake. Mambo yakienda sawa hakuna anayegundua. Lakini huduma ikianguka saa nane za usiku, na yeye ndiye wa zamu, amri aliyoikariri haifai kitu ikiwa hana picha akilini ya kile kilichovunjika.

Ajabu ni kwamba picha hiyo Kiswahili kinayo. Docker, programu iliyotolewa mwaka 2013, imepewa jina la mpakizi wa bandarini, yule yule ambaye Adam Shafi aliiita riwaya yake ya mwaka 1979 kwa jina lake: kuli. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani, na nembo yake ni usukani wa meli. Kifaa kinachoandamana nayo kinaitwa Helm, yaani usukani wenyewe. Kingine ni Istio, tanga kwa Kiyunani. Wahandisi wa ng'ambo walikwenda kuchota bahari ya watu wengine, na wana wa lugha iliyozaliwa pwani wanayakariri maneno hayo kama kwamba hawajapata kuona jahazi!

Hebu mwalimu aanzie bandari ya Kilindini. Winchi hainyanyui nguo wala saruji. Hunyanyua kontena, bila kujali kilichomo. Vivyo hivyo, programu hufungwa pamoja na kila inachokihitaji, ikaweza kufanya kazi katika mashine mbalimbali. Kubernetes ni nahodha wa msafara wa vyombo: huamua chombo kipi kibebe shehena ipi, na kimoja kikizama, huanzisha nakala ya shehena ile katika chombo kingine. Aliyeelewa hivyo amekwisha kuelewa nusu ya somo, hata kama usaili wa kazi utafanywa kwa Kiingereza. Na utafanywa kwa Kiingereza. Hakuna haja ya kudanganyana.

Wapo watakaouliza iwapo wanakiswahili hawajakoma na mzozo wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Swali hilo ni la haki. Wataalamu walibishana kwenye makongamano, huku mafundi vibandani wakisema kompyuta tu. Kosa halikuwa kuunda istilahi, bali kuziunda pasipo kuwashirikisha wenye kuzitumia. Vyama vya Kiswahili vyuoni vingefanya jambo la maana zaidi kwa kuketi na wahandisi wachanga na kuandika nao kijitabu cha mwanzo, hata cha kurasa ishirini, kuliko kuandaa mjadala mwingine kuhusu utandawazi.

Mtihani wa kwanza wa kijitabu hicho ni tendo la kuitoa programu mikononi mwa waundaji na kuiweka kazini. Afisini Nairobi husemwa "kudiploi". Mabaharia wana kitenzi kushua, yaani kukisukuma chombo kutoka nchi kavu kikaingia majini. Wanacho pia kujahabu, kukivuta chombo pwani ili kisafishwe na kukarabatiwa, ambacho kingeufaa mtambo unaoondolewa kazini kwa muda. Kushua kunaonekana kufaa zaidi kuliko "kusambaza", kwa maana kunabeba hata hofu ya fundi anayetazama kama chombo kitavuja. Kama vijana wa zamu za usiku watakikubali kitenzi hicho ni jambo la kuwauliza wao, kabla neno halijachapishwa.