Tusiite takataka tusichokijua



Wilayani kwetu Kilosa, kuanzia Twatwatwa hadi Mikumi, Mparakuyo mtu mzima humaliza kibuyu cha maziwa na kuendelea kuchunga. Wengine wetu kikombe kimoja tu kinatujaza tumbo gesi. Kwa nini?

Jibu limo katika DNA, ila si pale tunapodhani. DNA yetu ni kama andiko refu la herufi zipatazo bilioni 3. Maelekezo ya kutengeneza protini hayafiki asilimia 2 ya andiko hilo. Mwaka 1972 mwanasayansi Susumu Ohno aliita sehemu kubwa ya iliyobaki takataka.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha uchunguzi uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta herufi moja iliyobadilika, kama herufi 14,000 kabla ya jeni ya kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Hapo ilipo haitengenezi protini yoyote. Imo katika eneo linalofanya kazi kama swichi, na kwa mwenye badiliko hilo jeni huendelea kuwaka hata baada ya kuachishwa ziwa. Kwa watu wengi duniani jeni hiyo hufifia utotoni. Badiliko hilo lilienea kwa wafugaji wetu ndani ya miaka elfu chache tu.

Basi, tuseme DNA yote ina kazi? Hapa tunaomba tusikimbilie. Huwa tunasikia hoja kwamba Mungu haumbi takataka, kwa hiyo kila herufi lazima iwe na kazi. Lakini kitunguu cha kachumbari kina DNA mara kadhaa kuliko ya mtu. Je, kinahitaji maelekezo mengi kutuzidi? Huenda sehemu kubwa ni mabaki tu, na wanasayansi bado wanabishana.

Imani iliyoegemezwa kwenye jibu la maabara itayumba siku jibu likibadilika. Na mseminari wa leo ndiye padre atakayeulizwa kesho na kijana wa kidato cha sita.

Gregor Mendel, mtawa Mwaugustino, alipanda na kuhesabu njegere kwa miaka kadhaa kabla ya kutoa matokeo yake mwaka 1865. Nasi tuwe na subira hiyo. Tusichokijua tusikiite takataka, wala tusikipeleke mimbarini kama ushahidi.