Goti la Mwanasesere

Wazazi wenzangu, tunaipenda mno methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Twaitamka tukiwa na fimbo mkononi, na ni mara chache tunapojiuliza kama huyo tunayetaka kumkunja anacho kiungo cha kukunjikia. Mimi nimefundishwa somo hilo hivi karibuni na mwanasesere wa plastiki anayetoshea kiganjani.

Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alinunuliwa mwanasesere huyo na mjomba wake katika soko la mitumba la Karume, jijini Dar es Salaam, kutoka katika fungu la vichezeo vilivyokwisha kuchezewa na watoto wa nchi za mbali. Ni askari mwenye kofia, na urefu wake ni kiasi cha sentimita 9 na nusu. Jumamosi moja nilirejea kutoka kazini nikamkuta mtoto ameketi sebuleni na kisu cha mkate, naye askari amekwisha kukatwa mguu wa kulia pale pale penye goti. Sikuuliza neno. Nilimkaripia mbele ya wenzake, nikamwita mharibifu asiyejua thamani ya fedha, nikakitwaa kichezeo na kukifungia kabatini.

Kwa siku mbili mtoto aliniamkia kila asubuhi na kuitika nilipomwita, lakini hakunisimulia lolote. Aliye na watoto anaujua uzito wa kimya cha namna hiyo.

Baba yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, alikuwa fundi saa kwa miaka mingi. Tangu goti lake la kushoto lilipokaza, hushinda barazani mguu mmoja ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda, na vyombo vyake vya kazi vimelala uvunguni. Yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo lilinipasa mimi.

“Mjukuu wangu, ulitaka afanye nini yule askari?”

“Babu, gari limepata pancha,” mtoto alijibu. “Fundi hawezi kufungua gurudumu amesimama wima.”

Gari lenyewe ni lori la waya alilolitengeneza kwa mikono yake. Nilikuwa nyuma ya pazia nikiyasikia hayo, na nilishikwa na haya. Mtoto hakuwa akiharibu kitu. Alikuwa akikitengeneza kwa chombo kisichofaa, bila ya mtu wa kumwelekeza.

Usiku ule nilisoma habari za wanasesere wa aina hii, nikatambua kwamba ugomvi wa mwanangu na goti lile ni wa siku nyingi. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilimtoa askari aitwaye G.I. Joe, mwenye urefu wa inchi 12, yaani kama sentimita 30. Wenye kampuni walichelea kwamba wavulana wangekataa kuchezea mwanasesere, kwa hiyo wakambunia jina jipya lenye maana ya sanamu ya vitendo. Jina hilo halikuwa la bure, kwani alitangazwa kuwa na sehemu 21 za kusogea, akaweza kuketi, kupiga goti na kulenga shabaha.

Huko Japani, kampuni ya Takara ilitoa mwaka 1974 wanasesere walioitwa Microman, wenye kimo cha kama sentimita 10 tu lakini viungo tele. Mwaka 1978 kampuni nyingine ya Marekani, Kenner, ilisambaza wanasesere wa filamu ya Star Wars, iliyokuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka uliotangulia. Wengi wao walikuwa na kimo cha inchi 3 na robo tatu, ili hata vyombo vyao vya angani viweze kuundwa kwa ukubwa unaofaa nyumbani. Watoto waliwapenda mno, ila viungo vyao vya kawaida vilikuwa vitano basi: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Aliyeketishwa aliketi miguu imenyooka mbele kama mkongojo. Mwaka 1982 Hasbro ilimrudisha G.I. Joe katika kimo hicho hicho kidogo, safari hii akiwa na viwiko na magoti, na kiuno kilichoshikizwa kwa pete ya mpira iliyofichwa tumboni. Mwaka uliofuata mikono yake iliongezewa uwezo wa kuzunguka juu ya kiwiko.

Msomaji atauliza, mbona wote wasipewe viungo hivyo? Jibu ni kwamba kila kiungo ni kipande cha ziada cha kumiminwa katika kalibu, cha kuunganishwa na cha kulipiwa. Tena pale penye kiungo ndipo kitu kinapovunjika upesi.

Ndiyo maana katika Marekani, Ulaya na Japani wako watu wazima, seuze watoto, wanaowakata wanasesere hao na kuwaunda upya. Mmoja huchukua kiwiko cha huyu akampa yule, mwingine huchonga kiungo kipya kabisa. Viungo vyenyewe ni vya namna tatu. Cha kwanza ni cha bawaba, kama cha mlango, kinachokunjika kwa njia moja tu, na hicho ndicho kifaacho goti na kiwiko. Cha pili ni cha kuzunguka, kama kifuniko cha chupa, kifaacho shingo na kifundo cha mkono. Cha tatu ni kile ambacho mafundi wetu wa magari hukiita boljointi, yaani tufe ndani ya kikombe, kiendacho pande zote kama bega la binadamu.

Jumamosi iliyofuata nilimtoa askari kabatini, naye Babu akaagiza sanduku lake litolewe uvunguni. Alipanga mkekani tupa, kibano, msumeno mwembamba na keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, kisha akampa mjukuu wake ile lenzi ya kubana jichoni.

“Kabla ya kukata, pima,” alisema. “Na ujue kwamba kila unapotaka pasogee, lazima kitu kiondoke. Pasipo nafasi hapana mwendo.”

Alichana pengo jembamba katika ncha ya paja na jingine katika ncha ya muundi. Akachonga ulimi mdogo kutoka katika mpini wa mswaki wa zamani, akaugandisha kwa gundi katika muundi, akangoja ukauke. Kisha aliuingiza ulimi ule katika pengo la paja, akatoboa vyote pamoja kwa upande ili matundu yasipishane, akapitisha kipande cha waya wa shaba kiwe pini. Nyuma ya goti alipunguza plastiki kwa tupa, muundi upate kurudi nyuma, lakini mbele aliacha ncha mbili zikutane, mguu usije ukakunjika kama wa ndege. Kazi hiyo ya goti moja ilichukua muda wa saa tatu, na mtoto hakuondoka mkekani hata mara moja.

Nami nikaingiwa na tamaa. Niliomba nifanye mguu wa kushoto. Nilikata vizuri, nikachonga vizuri, lakini wakati wa kutoboa nilikandamiza keekee kwa haraka, tena karibu mno na ukingo. Plastiki ililia kidogo, paja likapasuka.

Hapakuwa na aliyesema neno. Babu alipuliza vumbi katika tupa yake. Nilimtazama mwanangu nikiyangoja yale maneno niliyompa mimi majuma hayo, kwani sasa mharibifu nilikuwa mimi, na kisingizio cha utoto sikuwa nacho.

“Si neno, Mama,” alisema. “Gundi ipo.”

Ndugu msomaji, nimewahi kusikia hotuba nyingi juu ya malezi, na baadhi yake nimeziandika mimi mwenyewe katika safu hii. Sikumbuki iliyoniingia kama maneno hayo matano. Palepale mkekani nilimwomba mtoto radhi kwa kumkaripia bila ya kumuuliza. Wapo watakaosema kwamba mzazi akimwomba mtoto radhi amejishusha hadhi. Mimi naona kwamba Babu alikuwa amekwisha kulijibu hilo: pasipo nafasi hapana mwendo. Kati yangu na mwanangu kiburi changu kilikuwa kimejaza mahali pote, na kisingeondoka, tungebaki tumesimama wima kila mtu upande wake. Methali yetu ya samaki ni ya kweli, lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono mtaratibu. Anayekunja pasipo kiungo huvunja.

Kwa wasomaji watakaopenda kujaribu kazi hii na watoto wao, nayaongeza machache. Kukata na kutoboa ni kazi ya mkubwa, na mtoto apewe kupima, kupiga msasa na kupaka rangi. Kiungo cha plastiki laini kisichotoka kwa mkono kitumbukizwe katika maji ya moto kwa dakika moja au mbili, kilainike, kisha kivutwe polepole. Baada ya kukirudisha, kitiwe katika maji baridi kikaze. Litumike kopo la zamani, si sufuria ya chakula. Kamwe plastiki isiyeyushwe kwa moto, kwani moshi wake ni sumu. Wakati wa kupiga tupa, kaeni penye hewa na mzibe pua na mdomo, vumbi lisiingie kifuani. Kiungo kilicholegea hupakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja jembamba, nayo ikikauka hukaza. Mwenye askari wa kale ambaye kiuno kimekatika, afungue skrubu iliyo mgongoni. Mara nyingi ataona kwamba pete ya mpira imezeeka, na pete ya kipimo hicho ikibadilishwa askari husimama tena. Mwisho, vipande hivi vidogo viwekwe mbali na watoto walio chini ya miaka mitatu, maana humezwa na huziba koo.

Askari wetu sasa anapiga goti kando ya lori la waya. Mguu wa kulia umekunjika sawasawa, wa kushoto, ule nilioupasua na kuugandisha, umenyooka mbele yake. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, akasema, “Amekaa kama Babu.”

Babu alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo sanduku lake halijarudi uvunguni. Jana jirani alileta saa ya ukutani iliyosimama, na nilipotoka asubuhi niliwaacha wawili hao barazani, lenzi ikiwa jichoni mwa mdogo, kibano mkononi mwa mkubwa.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.