Ujira wa Fundi wa Motokaa

Katika miji iliyo kando ya Mlima Kenya, tangu Kerugoya na Karatina hata Nyeri na Nanyuki, hapana gereji isiyojua mabishano ya ujira. Mwenye gari husema kwamba fundi amemnyang'anya. Fundi naye husema kwamba mwenye gari ataka jasho la mwenzake bure. Yafaa neno hili litazamwe kwa utulivu, maana wakulima wengi hutegemea pikapu moja kupeleka viazi, maziwa na mboga sokoni, na gari likilala gereji siku tatu hasara huingia nyumbani.

Chukua mfano wa mkulima wa upande wa Othaya ambaye breki za pikapu yake zimeanza kulia. Afika kwa fundi, nao wasemezana hivi:

"Fundi, kazi hii ni pesa ngapi?"

"Pedi za breki ni shilingi 3,000, mzee, na kazi yangu ni shilingi 1,500."

"Shilingi 1,500 kwa kufungua magurudumu na kuyafunga tu? Nitakupa 500."

Fundi afikiri kidogo, kisha akubali. Mkulima aenda zake kunywa chai, akijiona ameshinda.

Je, ameshinda kweli? Fundi amekwenda dukani, akanunua pedi za shilingi 2,000 ambazo hazijulikani zimetengenezwa wapi, akazitia kwa hesabu ile ile ya shilingi 3,000. Hivyo shilingi 1,500 zake amezipata zote. Mkulima ameokoa shilingi 1,000, lakini shilingi hizo zimetoka katika breki zake mwenyewe, na kesho atateremka nazo mlima akiwa amepakia mizigo na watoto.

Fundi huyo ametenda kosa, wala haifai kumtetea. Lakini chanzo cha kosa hilo ni desturi ya watu wengi kukubali kulipa chuma wanachokiona kwa macho na kukataa kulipa maarifa wasiyoyaona. Kazi ya nusu saa huenda ilimgharimu fundi miaka mingi ya kujifunza, kwanza akiosha vyuma na kushika spana kwa ajili ya fundi mkubwa. Katika ujira wake imo kodi ya banda, leseni ya kaunti, bei ya vyombo, na chakula cha vijana wanaomsaidia. Magari ya siku hizi yana kompyuta ndani yake, na fundi hana budi kununua mashine ya kusoma hitilafu. Hata hivyo wako waulizao kwa nini walipe, kwa kuwa wamemwona akichomeka waya tu.

Uingereza na Marekani gereji nyingi huhesabu ujira kwa saa, na mara nyingi saa hizo hutolewa katika kitabu kinachoonyesha kila kazi yapaswa kuchukua muda gani. Huko nako watu hunung'unika, hasa fundi hodari amalizapo mapema na kulipwa muda wote ulioandikwa. Lakini jambo moja ni jema: ujira huandikwa peke yake na spea peke yake, na kila mtu aona alipialo.

Mafundi nao wana lao la kujirekebisha. Wako wanaofungua injini kabla ya kutaja bei, ili mwenye gari asiweze kuondoka. Wako wanaotazama viatu vya mtu kabla ya kutazama gari lake. Wengine hugundua ugonjwa mpya kila saa, na hesabu ikapanda hadi jioni. Fundi wa namna hii huharibu jina la wenzake wote, hata wale waliofanya mitihani ya ufundi ya serikali na kupata vyeti vyao kwa haki.

Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji, iliyopitishwa mwaka 2012, ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Yamtaka fundi atoe makadirio ya gharama kabla ya kazi, na akiisha kuyatoa asidai zaidi ya makadirio hayo kwa kupita asilimia 10. Kazi ambayo mwenye gari hakuiruhusu hailipishwi. Tena mwenye gari ana haki ya kurudishiwa vipande vya zamani vilivyotolewa garini, avione kwa macho yake. Asiyeijua sheria hii huiacha haki yake mezani pa gereji.

Mkulima wa kahawa hapaswi kuyaona haya kuwa mageni. Apelekapo kahawa yake kiwandani hutaka kilo ziandikwe mbele yake, na malipo yanapofika huuliza kila kato ni la nini. Karani naye huisoma karatasi yake ya mshahara mstari kwa mstari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi neno hilo lafaa gereji kama lifaavyo kiwandani na ofisini.

Kwa hiyo mwenye gari na aulize mambo mawili mbalimbali: bei ya spea na bei ya kazi, yote yaandikwe kabla spana haijashikwa. Akiweza, na aende dukani pamoja na fundi, aione pakiti ikifunguliwa. Akiona ujira umezidi, na aulize gereji ya pili na ya tatu. Lakini akiisha kuridhika na bei, amlipe fundi ujira wake wote bila kinyongo. Yule mkulima wa Othaya angalilipa shilingi 1,000 zaidi, naye angalijua ni breki gani anazoshuka nazo mlima.